Chai ya Kumezea Dawa

Mimi nimelelewa na chai. Baba yangu alikuwa na shamba la majani chai huko juu milimani Meru, si kubwa, lakini lilininunulia viatu, likanilipia shule, na mwishowe likanifikisha kwenye kiti cha karani katika ofisi moja ya serikali hapa Isiolo, ambapo kwa miaka mingi nimekuwa nikigonga mihuri na kungoja saa nne ifike ili ninywe chai. Kwetu mtoto akilia alipewa chai. Mgeni akibisha hodi, chai. Mtu akifa, chai pia, ila sufuria inakuwa kubwa zaidi. Sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akisema chai imemdhuru, na kama angesema tungeshuku kwamba ameanza kunywa kitu kingine.

Nayasema haya mapema ili nieleweke, maana yanayofuata hayanipi sifa nyingi.

Mke wangu ni fundi wa nguo. Hushona sare za shule nyumbani kwetu Chechelesi, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikirudi kazini nikiisikia cherehani yake tangu kwenye kona, kabla hata sijaliona geti. Mwaka jana mlio ule ulianza kukatika. Anakanyaga kidogo, anapumzika. Anakanyaga tena, anapumzika. Nilipomuuliza alisema ni joto. Isiolo hakuna ugonjwa usioweza kusingiziwa joto, kwa hiyo niliridhika, nikaendelea kusoma gazeti.

Halikuwa joto. Hospitalini walimkuta na uvimbe kwenye kizazi, na uvimbe huo ulikuwa ukimwaga damu yake kila mwezi, nyingi kuliko inavyostahili. Daktari alisema dawa yake ni upasuaji, kisha akasema hawezi kumpasua kwa sababu damu yake kwenye kipimo ilikuwa saba. Ifike kumi kwanza, ndipo amlaze mezani bila wasiwasi. Yaani damu ilitakiwa kupanda ili uvimbe utolewe, na uvimbe nao ulikuwa ukiishusha damu. Pipa lilikuwa na tundu, na fundi alikataa kuliziba tundu mpaka pipa lijae. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa akitazama viganja vyake, vimepauka kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Niliogopa sana, na kwa kuwa sijui kusema kwamba nimeogopa, nilisema tutaona.

Siku hiyo muuguzi alimwita chumba cha ndani akampe vidonge vya kuongeza damu na maelezo yake. Mimi sikuingia. Nilibaki kwenye benchi nikimweleza mfanyabiashara mmoja wa miraa jinsi hospitali inavyopaswa kuendeshwa, naye alinisikiliza vizuri sana, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Mke wangu alipotoka alikuwa na bahasha ndogo ya kaki mkononi. Sikumuuliza ameambiwa nini huko ndani, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza hoja yangu.

Jioni ile niliamua kulishika jambo hili mwenyewe. Mtu wa ofisi akishika jambo, kwanza hulipangia saa. Niliamuru kwamba kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, vidonge vitamezwa mbele yangu. Hapo likazuka swali la kuvimeza na nini. Maji ya bomba letu ni ya kisima, yana ladha ya msumari uliolowekwa, na mgonjwa sikutaka anywe msumari akiwa hajala kitu. Jibu lilikuwa jikoni, kwenye mkebe, majani ya kutoka shamba la baba yangu mwenyewe.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo wanaume wenzangu wa kwetu hawatalipenda. Mwanamume wa kwetu hampelekei mkewe chai kitandani. Mke akijifungua, labda, na hata hapo anayepeleka ni dada ya mume. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuwa nimewahi kupika hata kikombe kimoja katika nyumba ile. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani na kikombe juu ya sinia, mke wangu aliketi kwa haraka akaniuliza nani amekufa.

Nilimwambia hakuna aliyekufa, ameze dawa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akakitazama kikombe tena. Kisha akatia vidonge mdomoni, akavisukuma kwa chai yangu, akanywa mpaka chini. Nikaenda kazini siku hiyo nikijiona daktari.

Chai yangu haikuwa mzaha. Nilichemsha majani na maziwa pamoja, nikaacha yatokote mpaka rangi ikawa kama ya udongo wa kwetu, nikaponda tangawizi, nikatia sukari bila huruma. Mtu dhaifu anahitaji chai yenye nguvu. Hilo sikulisoma mahali popote, nalijua tu.

Baada ya mwezi mmoja tulirudi kupima. Damu ilikuwa saba. Si saba na nusu. Saba ile ile tuliyoiacha pale. Daktari akasema tuendelee, na mimi nikatoka nikiwa na mtuhumiwa wangu tayari: vile vidonge vya bure. Sisi watu wa mshahara hatukiamini kitu cha bure. Dawa iliyotolewa kwenye bahasha ya kaki bila risiti, bila picha ya mtu anayetabasamu, itamponya nani? Nilihitaji kitu chenye kopo.

Na kopo lilikuwa karibu. Ofisini kwetu, meza ya tatu kutoka mlangoni, kuna mwenzangu mmoja, mama wa kutoka Murang'a, mcha Mungu na mchapakazi, ambaye mchana ni mtunza mafaili na saa nyingine zote ni muuzaji wa virutubisho. Alikuwa na mashine. Unashika kijichuma kwenye kiganja kwa dakika moja, kompyuta inatoa mlio, kisha karatasi zinatoka zikieleza hali ya viungo vyako vyote, kuanzia ubongo mpaka kucha. Ofisi nzima ilikuwa imepimwa, na ofisi nzima ilikuwa mahututi. Hata bawabu wetu, Mturkana mmoja anayekuja kazini kwa miguu kutoka mbali na ambaye sijawahi kumsikia akikohoa, aliambiwa ini lake limechoka na magoti yamekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole mashine yenyewe ilipimwa lini mara ya mwisho, akarudi getini.

Mimi si bawabu, nimesoma. Nilishika kile kijichuma. Karatasi ilionyesha kwamba nina upungufu wa kalsiamu, wa zinki na wa seleniamu. Nilihuzunika kukosa seleniamu, ingawa mpaka dakika ile sikujua kwamba ipo duniani. Nilimweleza mwenzangu kwamba mgonjwa hasa ni mke wangu, na kwamba hawezi kutembea mpaka ofisini. Aliniambia nisijali. Mke na mume wanakula chungu kimoja, alisema, kwa hiyo upungufu wangu ndio wake. Nililiona hilo jambo la busara sana. Nilirudi nyumbani na makopo manne: unga wa kijani wa kusafisha mwili, mafuta ya samaki wa bahari baridi, vidonge vikubwa vya mifupa, na kopo la nne ambalo maandishi yake yalikuwa ya Kichina lakini mwenzangu aliniapia kwamba linasaidia.

Sasa sinia la asubuhi likawa la heshima. Vidonge vya hospitali katikati, kwa huruma tu, na makopo manne yakiwa yamevizunguka. Mke wangu alivimeza vyote kimoja kimoja kama mtu anayepanda ngazi, na kila kimoja kilikuwa na funda lake la chai. Nikaongeza majani. Nilihesabu kwamba dawa zikiwa nyingi, na chai nayo lazima iwe nzito ili izibebe.

Sikuishia hapo. Nilibandika ukutani picha ya mlo kamili niliyoitoa kwenye kalenda ya zamani, nikawa nahutubu wakati wa chakula. Nilieleza faida ya mboga huku nikila ugali kwa nyama na kuisukumia mboga kwenye sahani ya mgonjwa. Nilieleza hatari ya sukari huku nikikoroga. Mke wangu hakunibishia. Hakuwa na nguvu ya kubisha, na hilo peke yake lingenitosha kama onyo, kwa sababu mke wangu mwenye afya hunibishia hata nikisoma tarehe.

Mwezi wa pili damu ilikuwa sita na kitu.

Kitu hicho sikumbuki kilikuwa ngapi. Nakumbuka sita. Tulipotoka hospitalini hatukufika nyumbani kwa mwendo mmoja. Aliketi kwenye jiwe karibu na duka la mbao, akasema nitangulie. Mimi kutangulia niende wapi? Nilisimama kando yake juani na mwavuli, nikijifanya ninasoma matangazo kwenye nguzo. Moyo wake ulikuwa ukipiga mpaka nikauona kwenye shingo. Wiki ile ile, nikitafuta sindano ya kushonea kifungo changu, nilikuta kwenye droo ya cherehani mfuko wa odowa, vile vijiwe laini vya udongo wanavyouza kwenye vibanda kwa wanawake wajawazito. Upungufu wa damu ulikuwa umemtia hamu ya udongo, naye alikuwa akivitafuna mchana nikiwa kazini. Vumbi lake lilikuwa limejaa kwenye droo pamoja na uzi na mabaki ya nguo. Mke wangu alikuwa akila udongo, na mimi nilikuwa nikimnunulia mafuta ya samaki wa bahari baridi. Niliifunga droo nikaketi kwenye stuli yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu wiki iliyotangulia. Siku hiyo nililia, na sioni haya kuliandika.

Kesho yake nilipika chai nzito kuliko zote.

Miadi ya tatu sikutaka kubaki kwenye benchi. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa koti, nikapanga makopo yangu yote manne ndani ya mkoba pamoja na karatasi za mashine, nikaingia chumba cha ndani kabla hatujaitwa vizuri. Nilikuwa nimekuja kushtaki vidonge vya bure. Muuguzi alikuwa binti wa Kiborana, mdogo kiumri, amejifunga hijabu ya bluu. Tulipomuuliza kwao ni wapi alisema ni Korbesa, huko Merti. Nilijisemea moyoni kwamba mtoto wa wafugaji ataniambia nini mimi kuhusu lishe.

Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilipanga makopo mezani kwake, nikamweleza kuhusu seleniamu. Hakunikatiza. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akitazama sakafu. Nilipomaliza, yule binti alilichukua kopo la mifupa, akasoma nyuma, akaliweka chini.

"Mzee, dawa yako ni mingi," alisema. "Mimi nauliza kitu moja tu. Mama anameza na nini?"

Lilikuwa swali dogo sana, tena la heshima, na kwa mara ya kwanza chumbani mle nilikuwa na jibu ambalo sikuhitaji karatasi.

"Na chai," nilisema. "Chai nzuri ya maziwa. Mimi mwenyewe napika, kila asubuhi."

Nilitegemea sifa. Yule binti alinitazama kwa namna ambayo watu wa huku hutazama ng'ombe aliyevunjika mguu, bila kumlaumu ng'ombe.

"Chai inakataza hiyo dawa ya damu isiingie," alisema. "Inashikana na yeye kwa tumbo halafu inatoka na yeye. Na hii ya mifupa pia inazuia, na maziwa. Kila mama tunaambia hii siku ya kwanza."

Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kama ni chai yoyote au ni ya rangi fulani. Alisema ni yoyote, ila ikiwa nzito zaidi ni mbaya zaidi. Nikakumbuka udongo wa kwetu. Miezi mitatu. Nilikuwa nikiamka gizani, mtu asiyejua kuwasha jiko, nakunja mikono ya shati, natoka na sinia, nafunga mlango wa damu ya mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe, kisha naenda ofisini nikijiona daktari. Hata yule mama wa mashine hakuwa amemdhuru kama mimi. Yeye aliuza makopo tu, chai ilikuwa yangu.

Binti wa Korbesa hakuwa na muda wa majuto yangu. Foleni ilikuwa ndefu. Alisema vidonge vimezwe kwa maji, na kama maji ni mabaya yakamuliwe limau. Chai ikae mbali na vidonge, kwa muda wa saa mbili hivi. Makopo yapumzike kabatini. Mama ale ndengu na mboga ya managu, ale maini kila akipata, na kama kuna jirani mwenye nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa na kukaangwa ya Waborana, asione haya kuomba. Nilikuwa na vitu vyote hivyo kwenye soko ninalopita kila siku nikielekea kununua virutubisho. Managu yanauzwa na mama mmoja wa kwetu Meru ambaye hunisalimia, nami humwitikia kwa haraka kwa sababu nina shughuli za lishe.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka sinia likiwa na glasi moja ya maji ya limau na vidonge viwili vya bahasha ya kaki. Lilionekana sinia la mtu aliyefilisika. Mke wangu alimeza, akakunja uso kwa ule ukali, akanirudishia glasi. Nilisimama pale nikiwa sijui la kufanya na mikono yangu. Ndipo aliponiuliza kama chai ya saa mbili itakuja au nayo imekatazwa.

Ndengu tulikula mpaka nikaota nimekuwa ghala. Picha ya kalenda niliitoa ukutani. Sikuwa na haki ya kuhutubu tena, na sahani yangu ilianza kuwa na mboga, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Mwezi uliofuata damu ilikuwa nane na nusu. Mwezi wa pili wake ilipita kumi kidogo, na daktari akaandika siku. Siku hiyo ilipofika nilikaa kwenye lile benchi la nje kwa saa nyingi. Kulikuwa na watu pande zote mbili, na sikumweleza hata mmoja jinsi hospitali inavyopaswa kuendeshwa. Walipomtoa, daktari alisema imekwenda vizuri. Nilimshukuru kwa kushikilia mkono wake kupita kiasi, mpaka akauhitaji.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani, nilikuwa nimeketi naye jioni nje ya mlango. Alikuwa amepata rangi usoni. Asubuhi ile alikuwa amebisha kuhusu tarehe, na alikuwa na haki. Sijui ni nini kilichoyafanya maneno ya yule binti kunirudia saa ile, baada ya miezi yote hiyo, tena maneno yale ambayo sikuyapa uzito: kila mama tunaambia siku ya kwanza. Siku ya kwanza mimi nilikuwa kwenye benchi. Ndani alikuwa yeye.

Nikamuuliza kama siku ile aliambiwa kuhusu chai.

"Niliambiwa," alisema.

Alilisema bila kugeuka, akiwa anatoa uzi kwenye ukingo wa leso. Nilimuuliza mbona basi hakuniambia, kitu kingekuwa kimeisha siku hiyo hiyo, kabla ya makopo, kabla ya jiwe la duka la mbao. Aliukata uzi kwa meno.

"Miaka ishirini na miwili sijaletewa chai kitandani," alisema. "Nilijua utachoka baada ya wiki moja. Nikasema ninywe kabla hujachoka."

"Lakini sikuchoka."

"Ndiyo hiyo," alisema. "Halafu ukakataa kuchoka. Ningekuambiaje?"

Alicheka kidogo, akishika tumbo kwa sababu mshono ulikuwa bado unamuuma. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ni mtu wa namna gani ambaye mkewe anaona afadhali kupoteza damu kuliko kupoteza kikombe kimoja cha chai kutoka kwake, na nikamjua mtu huyo vizuri.

Makopo manne bado yako kabatini, sijui nimpe nani. Cherehani inasikika tena tangu kwenye kona. Saa kumi na mbili napeleka maji ya limau na vidonge, maana daktari alisema aendelee kwa muda, na saa mbili, kabla sijaenda kazini, napeleka chai. Bosi ananilalamikia kuchelewa. Ziko asubuhi ambazo nimechoka kweli, magoti yananiuma kama yale ya bawabu kwenye karatasi ya mashine, na kitanda kinanishika. Siku hizo naamka tu.